Kamusi Iliyobeba Kabati, na Vita vya Sori

Enyi wenye masikio mawili, na wewe uliyebakiza moja, sogeeni isimuliwe jinsi Bibi Darasa la Nne, simba jike wa jikoni, mshindi wa vifuniko vilivyokwama, alivyokwenda vitani kwa ajili ya neno la Kiingereza asilolijua.

Chanzo cha vita kilikuwa makalio. Wifi yake, aliyezeeka naye nyumba moja, aliikalia miwani ya Bibi, kioo cha kushoto kikapasuka, naye wifi akasema, "Sori," akaendelea kumenya viazi.

"Hiyo ni sori ya foleni," Bibi akanguruma. "Anaambiwa hata aliyepiga chafya. Mimi nataka radhi yenye magoti."

Tangu hapo hawakusemezana. Siku tisa. Jirani akanunua wigi jekundu, na shujaa wetu hana wa kumsengenya naye. Umbea ukamuumukia kifuani kama unga uliotiwa hamira.

Siku ya kumi akaitangazia sufuria: "Leo kamusi itahukumu. Ikisema sori ni radhi, nitasamehe. Ikisema ni upuuzi, tutakufa mabubu."

"Kamusi imebeba kabati," wifi akauambia ukuta, "na mgongo wa mtu hauinui hata ungo."

Bibi akashuka sakafuni, goti la kwanza kwa hiari, la pili kwa kubembelezwa, akalishika buku la marehemu mumewe, lililoziba pengo la guu la kabati miaka kumi na mitatu, akavuta kama ang'oaye jino la tembo. Likatoka na vumbi lake. Akafumba jicho la kushoto, akasoma kwa kidole na kwa sauti: sori, neno la kuomba radhi, pia la kumpa mtu pole, asili yake neno la kale la maumivu, ndugu wa neno la kidonda.

Kidonda. Kumbe siku tisa amemnunia mtu aliyekuwa akimwambia anaumia.

Hapo kabati, lililoporwa mhimili, likainama taratibu kama mgeni anayepiga hodi, na kikombe cha maua, alichoachiwa wifi na mama yake, kikaja chini kikawa vipande vitatu.

Bibi, akiwa bado kwenye magoti aliyoyadai mwenyewe, alitafuta samahani, akatafuta radhi. Ulimi ukaleta moja tu.

"Sori, wifi."

Wifi akaviangalia vipande. "Ya foleni, au ya kidonda?"

"Ya kidonda."

"Basi rudisha kamusi kabla sahani hazijafuata. Halafu niambie, lile wigi umeliona?"

Vizazi na vijue: Bibi Darasa la Nne aliliteka neno zima la Kiingereza kwa jicho moja. Majeruhi ni wawili tu, kikombe, na jirani, ambaye kufikia saa kumi hakusaliwa na unywele.