Marehemu Kim wa Mwaka 2009

Jumatatu, 18 Novemba 2019. Daegu. Mvua.
Ijumaa natetea tasnifu yangu: wanaume wa mjini wanaokula peke yao. Nikianguka safari hii, chuo kinanitimua. Na mama keshaagiza keki za mchele za kuwagawia majirani. Nani alimtuma!

Msimamizi wangu, Profesa Maeng, kasema kila dai liwe na chanzo chake kwenye mabano. Nina sentensi moja tamu: "Mwanamume anayekula peke yake huzeeka kabla supu haijapoa." Ilinitoka mwenyewe, nimeinamia bakuli. Lakini mimi nani? Nikabandika (Kim, 2009). Korea hii ukirusha jiwe linampata Kim. Mmoja wao lazima aliandika kitu mwaka huo. Hii ndiyo akili!

Jumanne, 19 Novemba.
Balaa. Mtahini wangu, Profesa Kim, kaniita. Mkewe alifariki mwaka huu. Kasema sentensi ile imemliza, anamtaka mwandishi wake. Akauliza huyo ni Kim wa ukoo gani, wa Gimhae au wa Gyeongju. Nikabahatisha Gimhae. Lahaula! Naye wa Gimhae! Basi ni ndugu yake, atampigia simu leo hii. Nikasema amefariki. Profesa akainamisha kichwa. Akauliza kaburi liko wapi, twende tukang'oe majani, tummiminie kinywaji. Nikasema ni mbali sana. Akasema ana gari.

Alhamisi, 21 Novemba.
Mi-ran, mwanafunzi wa mwaka wa nyuma yangu idarani, yule ambaye marejeo yake hayana hata nukta iliyopinda, kaombwa na Profesa atafute makala ya marehemu. Kutwa ananichungulia mlangoni: eti kaka Sang-u, huyu marehemu wako alichapisha wapi, ahera? Namchukia.

Ijumaa, 22 Novemba.
Nimeumbuka. Mi-ran hakupata kitu. Maeng aliwaka mpaka masikio. Profesa Kim hakuwaka; afadhali angewaka. Aliuliza taratibu maneno yale ni ya nani. Nikasema yangu. Akasema amekuwa akiyakumbuka kila anapoketi mezani, na kama ningesema tangu mwanzo ni yangu, angeyaamini vilevile. Nilitamani ardhi inimeze.

Kanitetea mwenyewe kwa wenzake, mzee wa watu. Nimepewa hadi Jumatatu. Niyaondoe yale mabano tu, basi, shahada naipata.

Jumamosi, 23 Novemba.
Keki zimefika. Mama kaona aibu kuzigawa kabla ya majibu, kaniletea zote, kaondoka bila kuvua koti. Nimekula peke yangu. Ngumu, baridi. Nimejitazama kwenye kioo, nimezeeka kweli.

Nimeyafuta mabano. Nimeutazama mstari. Uko uchi kabisa! Nani atamwamini Pyo Sang-u hivihivi?

Nimeandika (Park, 2011). Huyu yu hai, ila kahamia Brazili, hapokei simu, na ukoo wake siutaji ng'o.