Mashine Iliyotangaza Presha Yangu

Leo nimeshindwa vita na jeshi lililokwisha kustaafu.

Wenzangu wa darasa la uuguzi, nyinyi mnaoniita "Komanda" kwenye kundi hili, lifuteni hilo jina. Nimevuliwa cheo mchana kweupe, mbele ya wageni kutoka Kampala, na aliyenivua ni mzee asiye na meno ya mbele. Naandika nikiwa Rwekubo, nasubiri bodaboda ya kunirudisha kambini. Wa kucheka acheke sasa, maana baadaye nitakuwa na hasira.

Kwa wale walioingia kundini juzi, mimi ni muuguzi wa A1 kutoka Uvira, yule anayemsikiliza mgonjwa, anampima na kumwandikia dawa bila kumngoja daktari. Ninaishi Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Kazi yangu iko Mbarara, kwenye zahanati ndogo ya wanajeshi wastaafu, wale wanaokuja asubuhi, wanatibiwa, wanarudi nyumbani kwao. Kule kwetu niliwakimbia wanaume wenye magwanda. Mungu naye ana utani wake: akanivusha mpaka, akanipa kazi ya kuwapima presha wanaume waliovaa magwanda maisha yao yote. Nimewazoea. Wao wananiita "musawo", kama wanavyomwita hapa kila anayetibu, na mimi nawafokea kama wanangu.

Sasa ijueni desturi yao. Wazee hawa hawapangi foleni kwa kuwahi kufika. Wanakaa kwenye benchi kwa cheo. Kapteni anakaa karibu na mlango wangu hata akifika saa sita mchana. Wanafuata masajenti, kisha makoplo, kisha askari wa kawaida, na mwisho kabisa, karibu na choo, anakaa mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa jeshi. Nilipoanza kazi nilijaribu kuivunja desturi hiyo. Kapteni aliniangalia kwa upole akasema, "Musawo, wewe tibu mwili. Benchi wachia sisi." Nikawaachia.

Jambo la pili. Siku ya wagonjwa wa presha pale kwetu ni Alhamisi. Kituo cha afya cha kambini, ambako mimi mkimbizi ndiko ninakostahili kupewa dawa zangu, siku yake ya presha ni Alhamisi vilevile. (Ndiyo, nina presha. Ndiyo, niliwaficha. Endeleeni kusoma.) Kwa hiyo kila Alhamisi ninatoka nyumbani giza bado lipo, ninapita mbele ya kituo ambacho dawa zangu zimo ndani, naenda Mbarara kuwagawia wengine vidonge vya aina ileile. Kabati limejaa. Ufunguo unaning'inia shingoni mwangu. Na sina ruhusa ya kumeza hata kimoja, kwa sababu dawa ni za wastaafu tu. Hata wake zao hawapewi. Kanuni nimeibandika ukutani mimi mwenyewe, kwa kalamu nyekundu: DAWA YA MTU MMOJA HUMEZWA NA MTU MMOJA.

Tangu mwezi wa juzi najiambia nitaomba ruhusa wiki ijayo niende kuchukua zangu. Muuguzi akiomba ruhusa Alhamisi, nani atawapima wazee?

Ndiyo maana Rwekubo ilinitoa udenda. Wakubwa wanataka kufungua tawi hapa, kwa ajili ya wastaafu wanaoishi huku Isingiro, na walikuwa wanatafuta muuguzi wa kulisimamia. Rwekubo kwangu ni mlangoni. Ningeamka nikiwaona watoto wangu. Ningeipanga siku ya presha mwenyewe, nikaiweka Jumanne, halafu Alhamisi nikaenda kukaa kituoni kambini kama mgonjwa mwenye adabu. Daktari wetu, bwana mmoja mpole wa hapohapo Mbarara, aliniambia mambo yamekaribia kuiva, wageni wa Kampala wanakuja tu kuniona kazini. "Fanya kama siku zote," akasema.

Nikafanya kama siku zote. Ole wangu.

Wageni waliingia na zawadi: mashine ya presha inayosema. Unamfunga mtu mkononi, unabonyeza, halafu mwanamke fulani aliyejificha ndani yake anatangaza namba kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu wa redio. Namba ikiwa nzuri, taa ya kijani. Ikiwa mbaya, taa nyekundu. Aliyekibuni kitu hicho hajawahi kuwa na siri maishani mwake.

Nikasimama mbele ya benchi, koti jeupe limepigwa pasi, nikaanza hotuba yangu ya kila wiki.

"Bazee yangu, tansio, hii presha yenu, ni adui ya kimya. Munakulaka chumvi mingi. Munapewa dawa, munaenda kugawia bibi. Nikiuliza dawa iko fasi gani, munasema zimeisha jana."

Wakacheka, maana wanajijua. "Zimeisha jana" ndio uongo wa kila mgonjwa wa presha duniani. Dawa huwa zimeisha mwezi uliopita, lakini mbele ya muuguzi zimeisha jana. Huwa siusamehei uongo huo. Na mbaya zaidi kwangu ni wale wanaogawana. Kuna Sajenti Yokana, huyo asiye na meno ya mbele, niliyegundua anagawana vidonge vyake nusu kwa nusu na mke wake mwenye presha pia. Nilimfokea mbele ya wote mpaka akavua kofia. Mke wake humsindikiza kila Alhamisi na kukaa nje ya geti, kwa sababu wake hawaingii.

"Haya," nikasema, "nani wa kwanza kwa hii mashine mupya?"

Kapteni akaangalia mabati. Makoplo wakaangalia viatu. Hakuna aliyetaka presha yake isomwe kama taarifa ya habari. Ndipo Sajenti Yokana akasimama wima, mikono imebana mapajani.

"Musawo, ruhusa ya kusema."

"Sema, afande."

"Kule porini, kama chakula mpya nakuja, nani naonja kwanza?"

"Mpishi!" benchi zima likajibu. Mzee wa karibu na choo akainua mkono kwa fahari.

"Sasa hii mashini ni chakula mpya," akasema Yokana. "Mpishi ni wewe."

Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja, mkubwa wao, akasema ni wazo zuri sana, kiongozi aonyeshe mfano. Nikamtazama Daktari. Anatabasamu. (Ningesema mkono una jipu. Ningesema tumbo limenikata. Akili hizi hunijia nikishafika Rwekubo.) Nikajisemea moyoni, labda leo imeshuka yenyewe. Wagonjwa wangu wote husema hivyo, nami huwaambia presha haishuki kwa kuogopa wageni. Nikanyoosha mkono.

Mashine ikavimba, ikabana, ikapumua. Yule mwanamke wa ndani akanyamaza kidogo kama mtu anayeleta habari ya msiba. Kisha akatangaza: mia moja tisini na mbili, kwa mia moja kumi na nane. Taa nyekundu ikawaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika.

Wazee wangu Kiingereza wengi hawakijui. Ila namba za presha wanazijua, maana ni mimi niliyewafundisha. Na nyekundu kila mtu anaijua.

"Ee Yesu," akasema koplo mmoja taratibu.

Ningenyamaza hapo, aibu ingekuwa nusu. Lakini mdomo wangu huu. Nikawageukia wageni nikasema mashine imechoka na safari ya kutoka Kampala.

"Jaribu mimi," akasema Kapteni, akakunja mkono wa shati. Kijani. Sajenti Yokana, kijani. Mpishi, aliyekunywa chai yenye chumvi kwa miaka yote ya vita, kijani. Nilijua nimewatibu vizuri, sikujua nimewatibu vizuri kiasi hicho. Kazi yangu yote ikasimama pale kutoa ushahidi dhidi yangu.

"Rudia musawo," akaamuru Kapteni.

Ya pili ilikuwa juu kuliko ya kwanza. Aibu nayo ina presha yake.

Hapo Kapteni akasimama. Hakupaza sauti. "Musawo, toka kwa meza. Mgonjwa nakaa kwa benchi."

Nikajaribu kukaa kando yake, pale mwanzo, nimalize haraka. Akatikisa kichwa. "Hapa ya kapteni." Nikasogea. "Hapa ya sajenti." Nikasogea tena. Makoplo nao wakajipanua. "Raia nyuma," akasema Kapteni. Nikalipita benchi lote na koti langu jeupe, mpaka mwisho, mlangoni pa choo. Mpishi akanipisha nafasi akiwa na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. Tangu aandikishwe jeshini, leo ndiyo mara ya kwanza amepata mtu wa kukaa chini yake.

Kabla sijakaa vizuri, Sajenti Yokana huyo mbele yangu. Mikono nyuma, kama ninavyoweka mimi. Kichwa upande, kama ninavyoweka mimi. Alikuwa ameniangalia vizuri miaka yote hii.

"Nyabo," akaniita, yaani mama tu, si musawo tena, "wewe nakula chumvi?"

"Kidogo."

"Nalala muzuri?"

"Ndiyo."

"Dawa yako iko wapi?"

Naapa sikukusudia. Mimi ni A1. Nimefundisha somo hili kwenye makambi mawili. Lakini ukishakaa kwenye benchi, mdomo unaopewa ni wa mgonjwa.

"Zimeisha jana," nikasema.

"Janaaa!" wazee wakaipokea kama kiitikio cha kanisani. Kapteni alifuta machozi. Daktari aligeukia dirishani, mabega yanacheza. Yule mama wa Kampala akauliza kuna nini, na Kapteni akamweleza kwa Kiingereza safi, polepole, asikose kitu. Nikacheka na mimi. Ungefanya nini?

Kicheko kiliishia ofisini. Daktari alifunga mlango akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamweleza habari ya Alhamisi mbili. Akalitazama kabati, nami nikalitazama kabati. Kisha wote wawili tukatazama ukutani, kwenye wino mwekundu.

"Hiyo kanuni ni ya wakubwa," akasema, "lakini mwandiko ni wako."

Hakuwa na ubaya. Hakuna aliyekuwa na ubaya leo, na hilo ndilo linaloniuma. Mama wa Kampala alinishika bega, akasema Rwekubo ina kazi nyingi, itaniua, ananionea huruma, watamtafuta mwingine mwenye afya njema. Mimi nibaki Mbarara, nipumzike. Nibaki Mbarara! Yaani nimenyimwa kazi ambayo ingenipatia dawa, kwa sababu sinywi dawa. Sentensi hiyo nimeigeuzageuza njia nzima kutoka Mbarara na haina upande mzuri. Nina uchungu, siwafichi. Ningetukanwa ningejua la kujibu. Huruma unaijibu nini?

Nilitoka mapema kwa amri ya Daktari. Nje ya geti mke wa Sajenti Yokana alikuwa amekaa kwenye jiwe lake la kila Alhamisi, mwavuli kichwani, na mumewe amesimama kando. Dirisha lilikuwa wazi asubuhi yote. Alikuwa amesikia kila kitu, na mashine ile hata Rugaaga, mbali kule Isingiro, nadhani waliisikia. Akanivuta mkono, akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akanitolea vidonge vizima kwenye kipande cha karatasi yake ya fedha kilichokatwa kwa mkasi. Akasema maneno kwa Kinyankole. Sajenti akawa anachora mchanga kwa kiatu.

"Bado tunagawana, musawo," akakiri. "Siku ile wewe nafoka, mimi nasema ndiyo, ndiyo. Tukifika nyumbani, tunagawana."

"Na sasa anasema nini?"

"Yeye nasema sasa tuko watatu."

Nilitaka kumfokea. Kanuni ilikuwa tayari mdomoni, na wino wake. Nikamtazama yule mama, ambaye kwa mwandiko wangu amekuwa akikaa juani wiki baada ya wiki na presha yake, na nikaona haya kuliko nilivyoona kwenye benchi. Vidonge ni vilevile nilivyoandikiwa kambini, nimevigeuza nikasoma jina la dawa hata kabla sijasema asante. Kimoja nimekimeza hapa Rwekubo kwa chai. Alhamisi ijayo nitaomba ruhusa, na wakininyima nitaugua kwa makusudi. Karatasi ya ukutani nitaibandua, na hilo siombi ruhusa kwa mtu.

Kwa hiyo msiniite tena Komanda. Tawi sikupata, cheo kimekwenda, ila tangu leo mchana mimi ni mke wa pili wa Sajenti Yokana, na mke mkubwa mwenyewe ndiye aliyeniposa.