Nyoka Niliyempeleka kwa Daktari wa Mbuzi

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, mbele ya mkwe.

Kazi yangu mnaijua. Patroni wangu wa mtaa wa Kiriri anafuga nyoka, kipiri wa jangwani, mwenye pembe mbili juu ya macho na sumu isiyo ya mchezo. Patroni akisafiri, mi ndiye namtunza. Mtaa wetu wa Cibitoke wote nimeutangazia, mpaka wauza samaki wa ndagala. (Chumvi niliongeza, sikatai.) Hata mzee Ramadhani, baba wa Zuhura, aliposita kunipa binti yake, mjomba wangu alimwambia: "Huyu kila siku anashinda na kifo chumba kimoja. Atashindwa kulinda mke?" Mzee akalainika. Akasema jibu ni Jumapili hii.

Sasa, nyoka huyu analishwa panya waliokufa, wanakaa kwenye friza. Patroni aliniandikia, akapigia na mstari: panya aliye hai usimwache na nyoka ndani ya sanduku lake. Umeme ukakatika siku mbili, panya wote wakaharibika. Leo asubuhi nikanunua panya mzima, anayetembea, mtaa wa Kinama, nikamtia kwenye sanduku la kioo la nyoka, nikaenda kula. Panya atamfanya nini nyoka?

Kurudi, namkuta panya kakaa juu ya kichwa cha nyoka. Anatafuna. Nyoka damu puani, kajikunja kwenye kona kama mpangaji aliyefukuzwa. Nililia, jamani. Patroni anarudi kesho kutwa, na nyoka huyo kamlea tangu mdogo.

Nikamkamata kwa koleo ndefu, nikamtia kwenye ndoo yenye mfuniko wa matundu, nikaikaza kwa kamba, mbio kwa daktari wa mifugo. Kwenye foleni kuna mama na mbuzi wake. Nyuma yake, jogoo kwapani, mzee Ramadhani.

Nilitaka kugeuka. Akaniona.

"We mutoto, ndiye ule nyoka?"

"Ndiye, mzee."

Watu wakabanana ukutani. Mama akamvuta mbuzi. Mzee akaanza kuwaeleza: "Huyu anamuposa binti yangu. Mutu haogopi kitu." Kwa dakika tano na mi nilikuwa mtu. (Dakika tano tu Mungu kanipa.)

Daktari akatokea na daftari, akasimama mbali. "Ana nini?"

"Kidonda puani."

"Kimetoka wapi?"

"Ajali, daktari."

"Apana, nataka kuandika. Kaumwa na nini?"

Nikanong'ona.

"Sijasikia."

"Panya."

Mama wa mbuzi alicheka mpaka akakaa chini. Daktari alikuwa anaandika huku mabega yanatetemeka. Mzee hakucheka, na hilo ndilo lililoniua. Alingoja nyoka apakwe dawa (atapona, alhamdulillahi), akanifuata nje na jogoo wake, akanishika bega.

"Mwanangu, Jumapili uje. Lakini na ule panya umulete. Mi binti yangu nataka kumupa mwanaume aliyeshinda."

Nimerudi Kiriri. Nyoka bado yumo ndooni. Panya kalala kwenye mchanga, kashiba, na mi naogopa kumtoa. Msinicheke, tafadhali. Mwenye sumu mwenyewe alishindwa.