Meza ya Maamuzi ya Papo kwa Papo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Mheshimiwa Makamu wake, waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma udhuru, wajumbe wa Kamati ya Mipango na wa kamati ndogo inayoifuatilia kamati hiyo, mke wangu mpenzi, binti yangu ambaye kama mnavyomwona yuko mbioni kunifanya babu, na ninyi wananchi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi ya madiwani.)

Mimi, Mkurugenzi wenu wa Vibali vya Ujenzi, nimesimama hapa kifua mbele, na mbele yangu, chini ya kitambaa hiki cha buluu chenye glasi yangu ya maji juu yake, ndiko iliko Meza ya Maamuzi ya Papo kwa Papo, ambayo nitaizindua rasmi nikishamaliza kujieleza. (Diwani mmoja anapiga picha kitambaa.)

Mlipoanza kunung'unika kwamba mtu akiomba kibali cha kujenga choo hapa anaweza kuoa, kuzaa na kuota mvi kabla ya kujibiwa, wenzangu waliumia sana. Mimi sikuumia, nilikwenda semina. Nikarudi na mfumo shirikishi, jumuishi na endelevu wa kupima kasi ya maamuzi, na naomba mtege masikio kwa sababu hapa ndipo akili ilipotumika: siku za kuchelewa zinaanza kuhesabiwa pale ombi linapowekwa juu ya meza ya mapokezi, si pale mwananchi anapolileta. Akilileta, linasubiri. Likiwa linasubiri, halijapokelewa. Na kitu ambacho hakijapokelewa, ndugu zangu, kinacheleweshwaje? (Kicheko kule nyuma. Madiwani wanaandika.)

Matokeo yake, maombi yaliyocheleweshwa mwaka huu ni sifuri, na mwaka jana sifuri, na dashibodi yetu ya kuonyesha ucheleweshaji imekuwa kijani tupu mpaka mgeni kutoka makao makuu akauliza kama imeharibika! Halmashauri za jirani, ambazo sizitaji maana sipendi kumwaibisha mtu, zinahangaika kupima viwanja na kukagua misingi, jua lote linawaishia kichwani, na bado zina rangi nyekundu. Sisi hatujamtoa jasho hata mtumishi mmoja. (Sauti ya mwanamke: "Na chumba changu cha kujifungulia je?")

Naam, ni mkunga wetu wa zahanati ya hapo ng'ambo ya barabara. Sema, mama, ingawa ratiba haina kipengele cha maswali. ("Mkurugenzi, wanawake wanazaa koridoni kwangu, watu wanapita wakienda kuchukua dawa. Ni aibu, na inaniuma. Matofali ninayo, fundi ninaye. Nataka ruhusa tu ya kusogeza ukuta.") Mmemsikia? Hakulalamika kwamba amecheleweshwa! Na hawezi, kwa sababu hajaanza. Keti mama, vuta subira kitaalamu.

Sasa nije kwenye viashiria vya ubora, ambavyo kwa mujibu wa mpango mkakati... mke wangu, mbona unanipungia mkono? Nimebakiza kurasa chache tu. ("Mume wangu, tupa karatasi! Uchungu umemshika mwanao!")

Sasa hivi? Mbele ya waheshimiwa? Mkunga! Dada yangu, mama yangu, mchukue mwanangu, mpe chumba kizuri chenye mlango! ("Mlango ninao, Mkurugenzi. Umeegemezwa hapo hapo koridoni, unasubiri ukuta." Mkunga anamshika binti mkono, wanatoka polepole.) Koridoni? Mwanangu mimi? Watu wakipita? Jamani, ni mzembe gani huyu aliyelikalia ombi la mama wa watu? (Ukumbi mzima unamtazama.)

Basi kwa mamlaka niliyopewa, naagiza ombi la mkunga lipokelewe kabla hawajavuka barabara! Tarishi, lilete, liweke mezani! ("Meza ipi, bosi?") Hii hapa! Shika glasi yangu, funua kitambaa! Wapigapicha, kaeni tayari! (Tarishi anasita, kisha anavuta. Hakuna meza. Ni maombi ya vibali, yamepangwa moja juu ya jingine mpaka usawa wa kitovu. Watu wanaguna.)

Msigune, ndugu zangu. Meza, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya mapokezi, ipo katika mpango. Seremala amekwisha kuteuliwa, mbao anazo, anachosubiri ni kibali cha karakana, na ombi lake liko... ("La tatu kutoka chini, bosi.") Asante. Kwa hiyo naomba nimshukuru seremala kwa meza atakayotutengenezea mara tu tutakapopata meza, niishukuru kamati kwa maamuzi ambayo haijapata kukaa ikayafanya, na niwashukuru ninyi kwa uvumilivu. Nikisema "Maamuzi", mseme "Papo kwa papo!" Maamuzi! (Kutoka ng'ambo ya barabara, sauti ya binti yake: "Baba!")

Tarishi, fanya haraka, nakuomba. La mkunga ni lipi? Hilo la juu kabisa? Hilo hilo nililowekea glasi?