Pedali Sita za Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Naonewa! Miaka miwili mimi ndiye mwimbaji wa bendi hii, na hakuna binadamu aliyewahi kusikia neno langu hata moja. Tunapiga roki: granji kidogo, saikedelia kidogo, na ule mtindo wa kucharaza gitaa huku umeinamia viatu. Gitaa analo Shemeji, mume wa dada yangu, ninayeishi kwake. Anakanyaga pedali zake sita za kuvuruga sauti ya gitaa, ukumbi unanguruma kama mashine ya kusaga, sauti yangu inazama. Nimemwambia apunguze. Akasema sauti yangu ni sehemu ya ukungu. Ukungu! Mimi!

Jumatano, 5 Machi
Nimewabana mazoezini, kwenye stoo ya fundi cherehani. Nimetaka maneno yasikike kwenye onyesho la Jumamosi, maana Shangazi anakuja, na ameutangazia ukoo mzima kwamba mimi ni msanii. Mpiga ngoma akauliza, maneno gani? Miaka miwili amekaa nyuma yangu, anadhani naguna! Nimemeza hasira. Sisemi tena. Natenda.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi. Shemeji kaingia kuoga. Mfuko wa pedali nimeuzamisha kwenye kapu la nguo chafu. Safi!

Jioni. Shemeji katafuta mpaka jasho likamtoka, mwishowe akachomeka gitaa kavukavu. Nikaimba. Kila neno likasikika, hata ule ubeti wa pili niliouandika nikiwa na homa. Watu wakaacha kutazama viatu, wakanitazama mimi. Kisha wakatazamana. Shangazi akasogea mpaka jukwaani na kumwomba Shemeji, kwa upole kabisa, aongeze gitaa. Shangazi yangu wa damu! Kipaza sauti kilikuwa kibovu. Hakuna maelezo mengine.

Jumapili, 9 Machi
Dada kaamua kufua. Leo! Kapu zima, mpaka mfuko ukaibuka!

Bendi imekaa kikao cha dakika nne. Kipaza sauti kapewa mpiga besi, ambaye hajui kuimba na anakiri mwenyewe. Mimi nimepewa kayamba. Nimelia. Kidogo tu, chooni, bomba likiwa wazi.

Jumanne, 11 Machi
Mazoezi. Nimetikisa kayamba kwa ustadi wasiostahili kuusikia. Na hawakuusikia! Ngoma zinameza kila kitu. Dhuluma ileile! Nimemwomba mpiga ngoma apige taratibu, akacheka. Haya, acheke. Nimeona kwamba akienda kunywa maji, vijiti vyake huviacha dirishani.