Filamu ya Daktari Mnawa Mikono Ifungiwe

Chaani, Changamwe
Agosti, 1948

Kwa Bwana Mkubwa wa Gari la Sinema,

Baada ya salamu nyingi, mimi Garama wa Boga, mpakia makaa wa reli, nakuandikia kwa heshima zote na hasira kidogo.

Ulituletea hapa kiwanjani filamu fupi ya daktari wa Ulaya ya zamani, aliyewasihi madaktari wenziwe wanawe mikono kabla ya kuzalisha, ili wazazi na watoto wasife kwa homa. Wenziwe wakamcheka, mwishowe akafungiwa kama mwendawazimu. Nami nilicheka, Bwana, mpaka nikaanguka kwenye benchi. Shangazi yangu Jumwa, mkunga wetu, hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe. Balaa likaanzia hapo.

Kwanza. Beseni la kunawa kabla ya kula lilikuwa na adabu yake nyumbani kwangu: nanawa mimi mwenye nyumba, kisha wengine hufuata kwa umri, maji yale yale. Heshima yangu yote ilikuwa ndani ya maji yale, pamoja na vumbi la makaa. Sasa shangazi ameamuru kila mtu amiminiwe yake kwa kata, na mimi ninawe mwisho. Anayeyachota mferejini ni nani? Ni mimi.

Pili, sabuni. Kipande nilichoweka kwa ajili ya shati la kanisani kimeishia viganjani. Jumapili niliingia ibadani na shati jeusi na kucha nyeupe. Mchungaji akaniuliza kwa huruma kama nimeachishwa kazi.

Tatu, na hapa moyo unaniuma. Mke wangu Kanze amejifungua mtoto wa kike. Nilitoka kazini mbio nikampakate. Shangazi kasimama mlangoni na birika kama askari wa bandarini. Nikanawa. Akavinusa viganja, akanirudisha. Haki ya Mungu, maji yale yalikuwa meusi hata mimi mwenyewe nikaona haya, na Kanze akacheka kule ndani. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wangu sasa haupewi hata mwana wangu.

Kwa hiyo naomba filamu hiyo ifungiwe, kama alivyofungiwa daktari mwenyewe. Ikishindikana, tuleteeni ya daktari asiyenawa, tena aliyeishi hadi uzeeni, wanaume wa Chaani tupate pa kusimamia.

Msalimie dereva, na yule bwana aliyekuwa akitufasiria, na wote wa nyumbani kwako. Shangazi naye anakusalimu, tena kwa mapenzi, jambo linalonikera.

Ni mimi, msafi bila hiari yangu,
Garama wa Boga

Nyongeza: Nilichelewa kuituma barua hii kwa kuwa mikono ilikuwa na mtoto. Leo tumempa jina, Nyamvula, la marehemu mama yangu. Wawili waliomtangulia walichukuliwa na homa kabla hatujawapa majina. Bwana, nakuomba sana, lipeleke gari lako Timbwani upesi. Mke wa ndugu yangu Kenga, anayekaa huko, ni mjamzito, nami nilipomweleza Kenga habari za daktari yule, alicheka kunishinda.