Ombi la Kijiji Kwamba Nesi Felisita Afeli Mara ya Tano

Kirushya,
Wilaya ya Ngara,
11 Machi 1996.

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Mtihani wa Leseni ya Uuguzi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MTAHINIWA FELISITA, ANAYETARAJIWA KUFANYA MTIHANI MWEZI UJAO

Pokea salamu za heshima kutoka kwa watu ambao, kwa sababu nitakazozieleza, wote wana afya njema. Mimi ni Philbert Nshoma, mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya zahanati ya kijiji. Barua hii nimeisoma kwa sauti mbele ya mkutano mkuu mara mbili, mara ya pili kwa ombi la waliochelewa, na wakazi mia moja na kumi na wawili wameweka dole gumba. Hakuna aliyepinga. Felisita mwenyewe hakualikwa.

Felisita ni mhudumu wa zahanati yetu. Sisi tunamwita Nesi. Bodi yako humwita mtahiniwa. Ameufanya mtihani wako mara nne, na mara zote nne bodi yako, kwa hekima ambayo hatukuithamini mapema, imeona hatoshi. Mwezi ujao atarudi tena. Tunaandika kuomba, kwa unyenyekevu wote, kwamba afeli. Sababu zetu ni hizi:

1. Tangu wakimbizi wa Rwanda na Burundi walipofika wilayani kwetu, mashirika ya misaada yamekuwa yakitafuta wenye vyeti kama kuku anavyotafuta kumbikumbi baada ya mvua. Fundi Fideli alikuwa na cheti cha useremala. Likaja gari jeupe lenye antena ndefu, na tangu siku hiyo milango yetu tunaifunga kwa kamba. Katekista Telesfori alikuwa na cheti cha ubatizo tu, lakini kiliandikwa kwa Kifaransa, naye akachukuliwa kuwa mkalimani. Hatuwalaumu wakimbizi, babu za wengi wetu walivuka mpaka huo huo wakiwa na mikeka kichwani. Tunasema tu kwamba hapa kijijini amebaki mtu mmoja mwenye ujuzi na asiye na cheti. Kufeli kwake ndiko uzio wetu.

2. Felisita hawezi kujisomea kimya. Ni lazima ashike mkono wa mtu. Akikushika kifundo cha mkono, vidole juu ya mshipa, kitabu kizima humtoka mdomoni bila kuruka mstari. Akiachwa peke yake na karatasi, maneno humkimbia. Ndiyo maana yeye hufeli, na ndiyo maana sisi hupona. Kwa miaka minne amejifunza juu ya miili yetu. Mapigo ya Mzee Danstan huhesabiwa kila asubuhi kabla hajaenda shambani, na hivyo hitilafu ya moyo wake iligunduliwa mzee akiwa bado na nguvu za kubisha. Bi Zita amefungwa bendeji ya goti mara kumi na tisa pasipo kuumia, na sasa hakubali kwenda kanisani bila bendeji.

Lakini wiki mbili zilizopita Felisita alijifungia katika stoo ya kanisa, akisema anajizoeza kusoma peke yake kama wafanyavyo wanaofaulu. Tangu hapo hakuna aliyepimwa. Mzee Danstan huketi nje ya mlango wa stoo, mkono ameunyoosha. "Nesi wangu," huita, "huu mshipa leo unapiga au umegoma?" Ndugu Mwenyekiti, mzee wa miaka sabini na mbili hawezi kuishi bila kujua kama moyo wake unapiga.

3. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, nami nashuhudia kwamba aliyepata cheti hufunga daftari. La kwangu nililifunga mwaka 1961. Aliyefeli ndiye anayesoma. Basi wilaya yenye wauguzi waliofeli ndiyo wilaya yenye wauguzi wanaosoma, na tunashangaa kwa nini faida hii haijaenezwa nchi nzima.

4. Elimu yenyewe tunayo sote. Majibu ameyasema akiwa ameshika mikono yetu, na masikio yetu hayakuwa mbali. Wanywaji wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, hawagusi kata ya kunywea kabla ya kunawa kwa sabuni, na wakishalewa hubishana juu ya dalili za upungufu wa maji mwilini. Juzi wawili nusura wapigane kwa ajili ya ukavu wa ulimi. Kijiji kizima kikiwa nesi, hatuoni leseni ya mtu mmoja ingeongeza nini.

5. Kila anapofeli, kijiji humpa pole. Mara ya kwanza ilikuwa sufuria moja ya ndizi na maharage. Mara ya nne tulichinja. Sherehe hiyo sasa inaitwa Pole ya Felisita na imekwisha kuleta ndoa mbili. Nakiri kwamba yeye mwenyewe huwa hali sana. Mara ya tatu alishuka kwenye basi njiani, pale Nyakahura, akakaa sokoni mpaka machozi yakakauka, ndipo akadandia lori na kufika kwetu akicheka. Macho yake tuliyaona. Lakini nyama ilikuwa tayari motoni.

Kwa hayo yote tunaomba afeli kwa alama moja, zisizidi mbili, ili asikate tamaa, na barua ya matokeo iwe na maneno ya kumtia moyo. Ikiwa kanuni haziruhusu, tunaomba karatasi yake ipotee kwa heshima.

Utusalimie wajumbe wa bodi, wasahihishaji, wasimamizi wa chumba cha mtihani na wote walioko nyumbani kwako. Mzee Danstan anauliza mapigo yako ni mangapi kwa dakika.

Ni mimi, kwa niaba ya wenye afya wa Kirushya,

Philbert Nshoma,
Katibu.

Nyongeza, 12 Machi.

Tafadhali soma hapa kabla ya kuamua lolote. Jana, wino wa madole ukiwa haujakauka na mkutano haujatawanyika, Kaneza, mwanamke Mrundi aliyekuwa njiani kwenda kambini, aliketi chini kwenye migomba nyuma ya kanisa akajifungua. Mtoto alilia. Damu ya mama haikukoma. Sisi wenye majibu tulikimbilia pale sote, na kila mmoja akapaza sauti kwa lile alilolijua. Bi Zita alivua bendeji ya goti. Wanywaji walidai sabuni. Mimi niliukumbuka ukurasa, sikukumbuka kilichoandikwa.

Felisita akatoka stoo. "Nyamazeni," akasema. "Mwalimu, shikamoo, nawe pia." Akamweka mtoto kwenye titi la mama yake, mkono mmoja ukasugua tumbo la Kaneza, vidole vya mkono wa pili vikashika kifundo chake. Hakutamka neno hata moja la kitabu. Damu ikapungua, kisha ikakoma.

Gari jeupe lilipokuja kumchukua Kaneza, daktari aliyekuwamo alimkagua, akauliza ni nani aliyemhudumia. Tukamwonyesha. "Una leseni, dada?" Felisita akatazama chini. "Bado, daktari."

Watu mia moja na kumi na wawili tulificha madole yetu.

Karatasi nyingine hatuna, na madole hayafutiki. Kwa hiyo kila palipoandikwa afeli, tunakusihi usome afaulu. Akichukuliwa kwenda kambini, tutatembea hadi huko kupimwa.

Limebaki ombi moja. Mzee Danstan atasafiri naye. Aruhusiwe kukaa kando ya meza yake katika chumba cha mtihani, mkono wa kushoto umenyooshwa. Usihofu kwamba atamnong'oneza majibu. Jana imethibitika hayajui. Mkono tumeuosha, na kucha tumemkata.